Damu Haifuliwi

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: damu. Walioniuliza damu ina kazi gani, au ina rangi gani ikiwa ndani ya mshipa, wanisamehe; hayo yamo kwenye vitabu vya shule. Nimechagua maswali yanayoniudhi na yanayonitia hofu, kwa kuwa nyuma ya kila moja kuna mtu anayetoa fedha yake, na mara nyingine uhai wake, kwa maelezo yasiyo ya kweli. Nitashika hoja moja tangu mwanzo hadi mwisho: damu ni tishu hai, sawa na msuli na ngozi. Tofauti yake ni kwamba seli zake hazikushikamana, zinaelea ndani ya majimaji. Mwenye kuishika hoja hiyo hadanganywi kirahisi.

Swali: Ni dawa gani nzuri ya kusafisha damu? (Nimeunganisha barua nyingi hapa. Mmoja ana chunusi, mwingine majipu yasiyokoma, wa tatu mwili unamwasha, wa nne anachoka tu. Wote wameambiwa kuwa damu yao ni chafu.)

Jibu: Hakuna. Hakuna kipimo cha maabara kiitwacho "damu chafu", kwa sababu hakuna ugonjwa wa jina hilo. Lakini jibu la neno moja halimzuii mtu kununua chupa, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Anayekwambia damu yako ni chafu anakuchorea picha ya pipa la maji. Pipa likikaa sana huota ukoko, tope hutuama chini, na mwenye pipa hulimwaga, hulisugua, akalijaza upya. Picha hiyo huingia akilini upesi kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kusugua pipa. Sasa tuitazame damu yenyewe. Weka mililita chache kwenye kichupa cha maabara chenye dawa ya kuzuia kuganda, kisimamishe kitulie, au kizungushe kwenye mashine kwa dakika chache. Kitakachotokea ni hiki: juu yatabaki majimaji ya manjano yanayofanana na mafuta ya alizeti. Huo ndio utegili, nao ni zaidi kidogo ya nusu ya damu yote. Chini litakaa tabaka zito jekundu, yaani chembe nyekundu zilizosongamana. Katikati utaona utando mwembamba mweupe, ambao ni chembe nyeupe za kinga pamoja na chembe sahani zinazogandisha damu. Ukitafuta tabaka la nne, la tope, hutaliona.

Tusogee karibu zaidi, kwenye lile tabaka jekundu. Chembe nyekundu moja ina umbo la kitumbua kilichobonyezwa katikati juu na chini, na upana wake ni kama sehemu 7 au 8 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Ni laini kiasi kwamba hujikunja ili ipite kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Kabla ya kuingia kazini imekwisha kutoa kiini chake nje ili ipate nafasi ya kubeba himoglobini, ile protini nyekundu inayokamata oksijeni. Kwa kuwa haina kiini, haiwezi kujikarabati wala kujizalisha. Huishi siku 120 hivi, kisha huzeeka, na seli nyingine ndani ya wengu na ini huimeza. Chembe sahani hazifiki siku 10, na baadhi ya chembe nyeupe hufa baada ya siku chache tu. Wakati huohuo uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa ya nyonga, kidari, mbavu na uti wa mgongo, unazalisha chembe nyekundu zipatazo milioni 2 kila sekunde. Mwili wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli trilioni 30 hivi, na zaidi ya asilimia 80 ya hizo ni chembe nyekundu za damu. Maji ya pipa hayana umri; damu inao. Chembe nyekundu ulizonazo leo karibu zote hazikuwepo miezi mitano iliyopita. Atakayeifua atakuwa anafua kitu ambacho mwili wenyewe hukizika na kukizaa upya usiku na mchana.

Utaniuliza: je, damu haibebi taka? Inabeba, na ni sehemu ya kazi yake. Seli zote zinapokula hutoa taka, na damu huzichukua kuzipeleka kwenye viungo vinavyoziondoa. Hewa ya kaboni hutolewa na mapafu. Pombe na dawa hubadilishwa na ini. Figo mbili huchuja lita 180 hivi za majimaji kwa siku moja, na kwa kuwa utegili wote mwilini ni kama lita 3, maana yake kila tone huchujwa mara 60 kabla ya kesho saa kama hii. Karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja na nusu hivi hutoka kama mkojo. Hakuna chupa ya dukani inayoweza kuongeza lolote kwenye kazi hiyo, ila inaweza kuipunguza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliopewa dawa za mitishamba za kupunguza unene, ambamo uliingia mmea wa jamii ya Aristolochia, waliharibikiwa figo, na baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo. Dawa ile ilitoka kwenye mmea, na haikuwaonea huruma. Anayekunywa kitu asichojua kilichomo ili kusafisha damu anahatarisha chujio lile lile linalomsafishia.

Na chunusi? Chunusi ni tatizo la vinyweleo na tezi za mafuta za ngozi, ambazo homoni huzichochea wakati wa balehe. Jipu ni bakteria waliojipenyeza kwenye shina la unywele. Usaha unaotoka humo si damu iliyooza. Kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe zilizofika mahali pale kupigana na bakteria zikafia hapo. Majipu yakirudi kila mara, pima sukari, kwa maana kisukari hudhoofisha kinga ya mwili. Mwasho una sababu zake, uchovu una sababu zake, na kila moja ina kipimo chake. Huo ndio ubaya mkubwa wa neno "damu chafu": linaipa kila dalili jina moja, na mtu akishapewa jina huacha kutafuta sababu.

Swali: Kama damu haichafuki, mbona wagonjwa wa figo husafishwa damu kwa mashine?

Jibu: Hili ni swali la mtu anayefikiri, na ndilo pingamizi zito kuliko yote niliyopata. Figo zikishindwa kazi, taka hubaki ndani ya utegili. Lakini taka hizo zina majina: urea, kreatinini, potasiamu iliyozidi, maji yaliyozidi. Kila moja hupimwa na kuandikwa kwa tarakimu, kabla ya mashine na baada ya mashine. Damu ya mgonjwa hupita upande mmoja wa utando wenye matundu madogo mno, na maji maalumu hupita upande wa pili. Taka huvuka, chembe za damu hubaki. Kazi hiyo huchukua takriban saa 4, na wengi huifanya mara 3 kwa wiki. Kama kijiko cha mchanganyiko wa mizizi kingeweza kuifanya, hakuna mgonjwa ambaye angelala pale na sindano mbili mkononi.

Tazama pia jambo la pili, ambalo kwangu ndilo linalomaliza ubishi. Mgonjwa huyo, hata akitoka kwenye mashine na taka zake zimeshuka, mara nyingi bado anapungukiwa na damu. Sababu ni kwamba figo hufanya kazi nyingine isiyotajwa mitaani: hutoa homoni iitwayo erithropoietini, inayouamuru uboho uzae chembe nyekundu. Figo zikifa, amri haitolewi, na ndiyo maana wengi wao hudungwa homoni hiyo. Taka zimeondolewa, na chembe bado ni chache. Ingekuwa damu ni maji ya kusafishwa, mashine ingetosha. Basi atakayekwambia dawa yake inasafisha damu, mwulize maswali matatu: inaondoa kitu gani, kilikuwa kiasi gani, na kimeshuka hadi kiasi gani. Asipojibu, usitoe fedha yako.

Swali: Nilipoumikwa ilitoka damu nyeusi, nzito, yenye mabonge. Je, huo si uchafu?

Jibu: Anayeumikwa kwa imani yake simjibu hapa, nazungumzia ile rangi. Damu inayotoka kwenye mishipa midogo ya ngozi imekwisha kuacha sehemu ya oksijeni kwenye tishu, na himoglobini isiyo na oksijeni huwa na wekundu uliokolea kuelekea weusi. Ikivutwa na chuku na kukaa ndani yake dakika kadhaa, chembe sahani na protini za utegili hufanya kazi yake ya kila siku: damu inaganda. Mabonge yale yanathibitisha kuwa damu yako inaganda vizuri. Mtoto mchanga mwenye afya, ukimtoa damu kwenye mshipa wa vena, nayo hutoka imekolea hivyo. Na kama utaumikwa, wembe uwe mpya na vyombo viwe vimetakaswa, kwa sababu virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B husafiri kwa damu iliyobaki kwenye chombo.

Swali: Shikamoo daktari. Kwenye maonyesho nilitobolewa kidole, tone langu la damu likaonyeshwa kwenye skrini. Chembe zilikuwa zimepangana kama sarafu. Nikaambiwa damu yangu ni nzito na ina asidi, nikauziwa maji ya kuondoa asidi. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba. Si kweli, na pole kwa fedha uliyotoa. Tone likikaa kati ya vioo viwili, chembe nyekundu hupangana kama sarafu zilizorundikwa. Hutokea hata kwa mtu mzima wa afya, hasa tone likiwa nene au likianza kukauka. Ziko hali za ugonjwa ambapo mpangilio huo una maana, lakini mtaalamu huutafuta kwenye damu iliyopakwa kioo ikawa nyembamba na kutiwa rangi, tena huusoma pamoja na vipimo vingine. Ama asidi, kipimo chake kwenye damu ya mshipa wa ateri hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na mapafu pamoja na figo hukilinda kwa nguvu zote. Kikitoka nje ya hapo kwa kiasi kikubwa, mtu huwa wodini, hatembei kwenye maonyesho. Maji unayokunywa hukutana kwanza na asidi kali ya tumbo, na habari yake huishia hapo.

Swali: Hedhi ni njia ya mwili kutoa damu chafu, sivyo?

Jibu: Sivyo. Hedhi ni utando wa ndani wa mji wa mimba unaobanduka pamoja na damu ya mishipa yake, damu ile ile inayozunguka moyoni. Imani hii inaniudhi kwa sababu inawaambia wasichana kwamba kadiri inavyotoka nyingi ndivyo mwili unavyosafika. Kwa kawaida hutoka kama mililita 30 hadi 40 kwa mwezi. Ikizidi 80 ni nyingi, na madini ya chuma huanza kuisha mwilini. Msichana anayebadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, anayetokwa na mabonge makubwa, au anayekwenda zaidi ya siku 7, apelekwe hospitali. Asiambiwe avumilie.

Swali: Je, rozela, bitiruti na soda nyekundu huongeza damu? (Barua nyingi, hasa kutoka kwa akina mama wajawazito.)

Jibu: Rangi haiongezi damu. Wekundu wa bitiruti na wekundu wa rozela hutoka kwenye kemikali za mimea ambazo hazina uhusiano wowote na himoglobini, na soda hutiwa rangi kiwandani. Himoglobini ni nyekundu kwa sababu imebeba madini ya chuma, atomu 4 kwa kila molekuli moja, na chembe moja nyekundu imesheheni molekuli zipatazo milioni 270. Uboho hauwezi kujenga chembe hizo bila chuma, protini, vitamini B12 na foliki. Swali la kuuliza juu ya chakula chochote ni je, kina vitu hivyo, na je, mwili unaweza kuvifyonza? Gramu 100 za bitiruti zina chini ya miligramu 1 ya chuma. Ini la ng'ombe lina mara kadhaa ya hicho, tena cha aina inayofyonzwa kirahisi. Nyama na samaki nao wana chuma cha aina hiyo. Maharage, kunde na mchicha vina chuma pia, ila cha aina inayofyonzwa kwa shida, na hapo ndipo desturi zetu za mezani zinapoingia. Chai ikinywewa pamoja na chakula, tanini zake hukishika chuma kabla hakijaingia mwilini. Ndimu, chungwa au embe hufanya kinyume: vitamini C hukisaidia kuingia. Kwa hiyo sahani ile ile ya maharage na mchicha inaweza kukufaa au kupita bure, kutegemea kama ulikamulia ndimu au uliisindikiza kwa chai ya rangi. Chai isubiri saa moja au mbili.

Nimeandikiwa na dada mmoja anayepinga: damu yake ilikuwa 8, akanywa rozela kila siku, ikafika 10. Simkatalii kipimo chake. Nauliza mambo mengine yaliyotokea katika wiki hizo. Mjamzito anayeambiwa kliniki kuwa damu ni 8 hupewa vidonge vya chuma na foliki, hupimwa malaria, hupewa dawa ya minyoo. Akivimeza vyote hivyo pamoja na juisi, sifa hupewa juisi kwa sababu ndiyo nyekundu. Uboho ukipata chuma hauchelewi. Chembe changa huanza kuonekana kwenye damu ndani ya wiki moja hivi, na kipimo hupanda taratibu wiki zinazofuata. Kunywa juisi yako kama unaipenda. Vidonge usiviache, na usivinywe kwa chai wala maziwa. Ujue pia kwamba katika ujauzito utegili huongezeka kuliko chembe, hivyo kipimo hushuka kidogo hata kwa mwenye afya. Kwa mjamzito, chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu.

Swali: Nakula vizuri, nameza vidonge, lakini damu haipandi. Nimerogwa?

Jibu: Hujarogwa, hujatafutiwa sababu. Chembe nyekundu hupungua kwa njia tatu tu: zinazaliwa chache, zinapotea nje, au zinavunjwa mapema. Kila upungufu wa damu duniani umo katika njia hizo, moja au zaidi. Kuzaliwa chache ni pale chuma au vitamini zinapokosekana, figo zinaposhindwa kutoa amri, au uboho wenyewe unapougua. Kupotea ni hedhi nyingi, vidonda vya tumbo vinavyovuja bila kujulikana, kichocho, na minyoo ya safura. Wazee wetu walilijua jina la safura kwa sababu walimwona mtu akipauka na kuvimba miguu. Mdudu mwenyewe hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya, na mamia yao kwa pamoja humwaga damu kila siku. Huingia kupitia ngozi ya nyayo kwenye udongo wenye kinyesi, ndiyo maana choo na viatu ni dawa ya damu kuliko chupa yoyote. Kuvunjwa mapema ni malaria, ambayo vimelea vyake huzaliana ndani ya chembe na kuzipasua, na selimundu, ambayo nitaieleza chini.

Mwili wenyewe unakuonyesha uzito wa jambo hili. Kila siku uboho unahitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma, lakini utumbo huingiza 1 au 2 tu. Zilizobaki hutoka kwenye chembe zilizokufa: wengu na ini huzivunja, huokoa chuma chake, na kukirudisha ubohoni. Rangi inayobaki hupitia kwenye nyongo na ndiyo inayokipa kinyesi rangi ya kahawia. Mwenye damu inayovuja hupoteza akiba hiyo pamoja na chembe, na ukimlisha bila kuziba tundu unajaza ndoo iliyotoboka. Kwa hiyo mkiambiwa damu ni pungufu, msitoke chumbani kwa daktari bila kuuliza: imepungua kwa njia ipi? Mhudumu asiyetaka kulijibu swali hilo anakuachia nusu ya kazi yake.

Swali: Vidonge vya chuma vimefanya kinyesi kuwa cheusi. Niviache?

Jibu: Usiviache, ni chuma kisichofyonzwa. Lakini kinyesi cheusi cha kunata kama lami kwa mtu asiyemeza vidonge hivyo ni dalili ya kuvuja damu tumboni. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Nimeuziwa unga wa seli shina unaotengeneza upya viungo vyote. Nianze na vijiko vingapi?

Jibu: Sifuri. Seli ikimezwa humeng'enywa kama nyama nyingine yoyote.

Swali: Mimi ni kundi O na mchumba wangu ni A. Tumeambiwa damu zetu haziendani. Je, tutazaa mtoto mwenye selimundu? (Barua kadhaa za aina hii.)

Jibu: Hapa yamechanganywa mambo matatu, na kuchanganya huko kumewavunjia watu uchumba bure huku wengine wakiingia hatarini bila kujua. La kwanza ni kundi la damu. Karl Landsteiner alieleza makundi ya A, B na O mwaka 1901. Kundi ni alama iliyo juu ya ngozi ya chembe nyekundu, na kazi yake kubwa kwetu ni kujua nani anaweza kuongezewa damu ya nani. O na A wakioana hakuna kizuizi. La pili ni alama ya Rh. Mama asiye nayo akibeba mimba ya mtoto aliye nayo, mwili wake unaweza kutengeneza kinga zitakazoshambulia chembe za mtoto wa mimba inayofuata. Hilo lina sindano ya kuzuia, hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Halimzuii mtu kuoa wala kuolewa, linamtaka ahudhurie kliniki.

La tatu ndilo selimundu, na kipimo cha kundi la damu hakilionyeshi hata kidogo. Herufi A ya kundi na herufi A ya himoglobini ni vitu viwili tofauti. Himoglobini ya kawaida huandikwa AA. Anayebeba urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja huandikwa AS; huyo kwa kawaida haumwi, na wengi hawajijui. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ni SS, naye ndiye mgonjwa. Chanzo ni badiliko la asidi amino moja tu katika mnyororo wa himoglobini, lakini tazama linavyofanya: oksijeni ikishaachwa, himoglobini hiyo hujipanga kama nyuzi ngumu, na chembe iliyokuwa laini kama kitumbua inapinda kama mundu. Badala ya miezi minne huishi siku 10 hadi 20, na hukwama kwenye mishipa myembamba. Maumivu ya mifupa na upungufu wa damu vyote vinatoka hapo.

Na tusiseme kwamba ni laana ya ukoo. Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki. Alikuta AS ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria tele, na ni wachache nyanda za juu. Anayebeba S moja hulindwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana urithi huo umedumu kwetu. Wazazi wakiwa AS wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa SS. Mimba ya kwanza kuwa salama hakupunguzi uwezekano wa ya pili. Kapimeni himoglobini kabla ya ndoa, mkiwa na muda wa kuzungumza kwa utulivu.

Swali: Mtoto wangu ana selimundu. Tumeshauriwa tuache dawa za hospitali, tutumie majani na vidonge vya chuma.

Jibu: Msikubali. Foliki, penisilini kwa walio chini ya miaka 5, chanjo, kinga ya malaria, maji ya kutosha na hidroksiyurea kwa aliyeandikiwa na daktari ndivyo vinavyowafikisha watoto hawa utu uzima. Chuma asipewe bila kipimo, kwa kuwa chembe zake zinavunjwa ndani na chuma chake hubaki mwilini. Na aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa nacho kupita kiasi, kikaharibu ini na moyo. Homa kwa mtoto huyu haisubiri asubuhi. Mpelekeni usiku huohuo.

Swali: Nikichangia damu, si nitapungukiwa mimi?

Jibu: Hutoka mililita 450 hivi katika lita zako 5. Majimaji hurudi ndani ya siku moja au mbili, na chembe ndani ya wiki chache, kwa sababu ile ile niliyoirudia tangu mwanzo: uboho hauachi kuzaa. Utapimwa kwanza, na ukikutwa na upungufu hutaruhusiwa. Wanaume huweza kuchangia kila baada ya miezi 3, wanawake kila baada ya miezi 4.

Mtambue na upande wa pili wa jambo hilo. Kwa kuwa ni tishu hai, damu haiwekwi ghalani miaka. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu la benki ya damu wiki 5 hivi, na chembe sahani siku 5 tu. Hakuna kiwanda kinachoweza kujaza wodi zetu. Mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua na mtoto aliyepauka kwa malaria wanategemea mtu aliyechangia mwezi huu. Fedha uliyotaka kununulia dawa ya kusafisha damu, pimia wingi wa damu. Ikiwa ni pungufu, ulizia sababu. Ikiwa inatosha, nenda kamchangie mwenzako.